Jozi Mbili za Glavu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ulimi wangu haujui kuanza vingine na wewe.

Bendera mpya ya uhuru imepandishwa na wewe hukuiona. Nimeikasirikia kwa hilo, kana kwamba ndiyo iliyokuchukua. Mama hajambo. Bado hukumiminia chai asubuhi, akishamimina ndipo anapokumbuka, basi mimi huinywa.

Lakini nakujua. Huulizi chai wala bendera, wauliza chama chako cha ngumi. Kiko hai, Baba, ingawa kilikaribia kukufuata.

Glavu ulirudi nazo kutoka jeshini, jozi mbili, zikalala sandukuni miaka mingi mpaka ulipoacha kazi bandarini ukaezeka banda uani kwetu. Likoni nzima ikasema vita vilikuharibu akili. Wakaja vijana wa Mtongwe, kisha wale wa bara wanaofanya kazi reli, wakitoka Changamwe mpaka kuvuka feri ili wapigwe tu. Ukaweka sharti lako: hakuna anayejifunga vitambaa vya mikono mwenyewe, atafungwa na yule yule atakayepigana naye. Bado nakusikia ukimsimamia Hamisi wa Mtongwe: "Mfunge vyema. Akivunjika kidole, wewe ndiwe uliyemvunja, hata kabla hujampiga." Nami nimekaa dirishani nashona glavu zilizofumuka, namcheka Hamisi na Ochieng wa Changamwe, madume mazima, wameshikana mikono kama maharusi.

Arubaini yako haijafika, wakagombana. Siasa, Baba. Hamisi akasema pwani ijitawale, watu wa bara warudi kwao. Ochieng akasema jasho lake limo katika sakafu ile sawa na la mtu yeyote. Wakawa wanafungana vitambaa wa pwani kwa wa pwani, wa bara kwa wa bara. Iliniuma kuliko matusi. Mwisho wakaja kwangu wote wawili, wanataka vyombo vigawanywe, chama kimoja kibaki Likoni na kingine kiende Changamwe.

Nilitaka kuwatukana. Badala yake nikampa Hamisi jozi moja, Ochieng jozi moja, nikawafungia mlango. Wakaondoka wameridhika kabisa! Mabondia wale, na hakuna aliyejiuliza: jozi moja huvaliwa na mtu mmoja, sasa huyo mmoja atapigana na nani?

Nasikia Changamwe walijaribu kuvaa glavu moja moja, mtu akapasuliwa mdomo kwa mkono mtupu. Huku kwetu Hamisi alilipiga gunia la mchanga mpaka akachoka nalo. Wallahi nilicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Alasiri moja Ochieng akavuka feri na jozi yake kwapani. Aliingia uani, akamwamkia Mama, asitaje siasa hata kidogo. Akamnyooshea Hamisi mikono yote miwili. Hamisi akaitazama, nami pale dirishani nikaacha kushona. Kisha akachukua kitambaa akamfunga, polepole, kidole baada ya kidole, kama ulivyomfundisha. Nikalia kwa sauti na sikuona haya. Nilitamani uwe umesimama pale.

Usidhani wamepatana. Bado wanabishana habari za pwani na bara mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza. Lakini wanabishana ndani ya banda lako, na wakimaliza wanavaa glavu.

Nimekukumbuka sana, Baba. Lala sasa, kupigana kwako kumekwisha, waachie wao. Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko kuliko uani kwetu. Nami nakuahidi: maadamu niko hai, banda lile halifungwi, na hakuna atakayeulizwa mlangoni kwao ni wapi.

Mwanao,
Mwanaisha