Asubuhi Ambayo Sikuipima

Jumatano, Bagamoyo. Mawingu yametanda tangu adhuhuri na hewa imesimama.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, nahodha wangu, mabaharia wenzangu, nanyi akina mama wa kikundi cha mwani: ukurasa huu kwa kawaida nauandikia nafsi yangu. Leo nauandika nikijua nitausoma mbele yenu baada ya swala ya isha.

Nimekosea.

Kwa wiki sita nilikuwa kwenye meli ya utafiti, nikiisoma rada inayopima upepo wa baharini saa baada ya saa, nipate kujua unatulia lini na unachachamaa lini. Jibu lilinipendeza: asubuhi shwari, alasiri upepo. Juzi nikawaandikia ratiba ya kwenda mashambani, ikabandikwa mlangoni mwa ghala. Mashamba ya zamani ya mwani, akina mama, mliyaendea kwa miguu maji yakipwa. Haya mapya yako kwenye maji marefu. Kesho saa moja asubuhi, kwa kuiamini ratiba yangu, mashua tatu zitawachukua kumi na wanane wenu. Wengi hamjui kuogelea.

Leo mchana Bi Mwanaidi, katibu wa kikundi, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama, akauliza: "Na hizo asubuhi ulizopima, mwanangu, meli yenu ilikuwa wapi?"

Nilicheka. Kisha nikafungua kumbukumbu za safari, kicheko kikanikauka.

Kila asubuhi tulikuwa bahari kuu. Kila alasiri tulisogea pwani, kwa kuwa huku ndiko simu zilikoshika mtandao na mabaharia wakapata kuongea na nyumbani. Alasiri niliipima hapa. Asubuhi niliipima kusikoonekana nchi. Asubuhi ya hapa, penye mashamba yenu, sikuipima hata siku moja.

Nilimpigia nahodha nikitafuta wa kulaumu. Akanijibu taratibu: "Mbona wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kumpigia mama yako, mtaalamu?"

Ni kweli.

Tangu hapo napambana na aibu. Nafsi inaninong'oneza kwamba huenda asubuhi ya hapa nayo ni shwari, ninyamaze tu. Huenda. Lakini kwa neno hilo nisingempandisha mama yangu mashuani.

Nahodha amekubali kutia nanga mkabala wa mashamba, alfajiri hadi adhuhuri, siku kumi mfululizo. Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba kikao kiamue usiku huu: hadi siku hizo zitimie, mashua zisitoke. Nawe Bi Mwanaidi, kabla hatujatawanyika, ibandue ratiba yenye jina langu.