Koseti ya Mama

Jumatatu, 5 Januari
Nimeshona sketi kumi na tisa leo. Zote bluu, zote marinda yaleyale. Shule zimefunguliwa na wazazi wamejaa dukani kana kwamba hawakujua Januari itafika. Shingo imekakamaa. Nimerudi, nikampa mama uji, nikamgeuza upande wa pili. Gauni langu sikuligusa. Linaning'inia nyuma ya mlango, shuka juu yake kuzuia vumbi.

Jumapili, 11 Januari
Misa ya kwanza, peke yangu. Mama hawezi tena kukaa kwenye benchi. Mifupa ya mgongo imesagika kwa uzee, daktari alisema. Akikaa dakika kumi anapinda mbele kama jani la mgomba lililovunjika. Mkanda wa mgongo waliompa hospitalini unapanda mpaka kwapani. Mkanda mkubwa, mama mdogo.

Mchana nilishona. Gauni la mwanamke wa Ulaya, mtindo wa zaidi ya miaka mia iliyopita, limetuna nyuma, na koseti yake ya kubana kiuno kwa ndani. Kitambaa ni mapazia ya mitumba, kijani, laini kama sikio la mbuzi. Mbavu za koseti ni ile mikanda ya plastiki inayofunga marobota ya mitumba. Mwenye kibanda hunipa bure. Mwaka wa pili huu. Sina pa kulivaa. Kwenye simu niko na kundi la wanawake wa nchi za mbali wanaoshona kama mimi. Wananiita hodari. Hawajawahi kuniona uso.

Mama alinitazama kutoka kitandani. "Ndinda, wazungu walimkuta nyanya yako na vazi lake la ngozi, wakamvua. Sasa wewe unawashonea?"

Nilizipenda nguo hizi nikiwa darasa la tano, nilipoona picha kwenye kitabu kilichochanika cha masista. Nilitaka kujua zinasimamaje. Ni hilo tu.

Jumatano, 14 Januari
Syombua amefariki. Dada mkubwa wa mama, wa Masii. Alilala, hakuamka. Mwanawe alinipigia nikiwa dukani. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama hakulia. Aliuliza tu ataenda na nani.

Kaka yangu Mutua alikuja jioni. Akasema hapana. Barabara, kisha saa nne au tano za ibada na hotuba kwenye kiti cha plastiki. Ataumia huko. Ataonyeshwa mazishi kwenye simu. Alisema kweli. Nimemchukia hata hivyo.

Alhamisi, 15 Januari
Mama hajala. Amegeukia ukuta.

Mashati kumi na manne.

Ijumaa, 16 Januari
Wazo limenijia nikiwa kwenye mashine, katikati ya kola. Koseti ni nini, kama si kitu cha kusimamisha kiwiliwili? Nimeliogopa. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 17 Januari
Nimefanya upumbavu.

Nilimvalisha mama koseti yangu, ile ya gauni. Niliipunguza pembeni, nikakaza kamba nyuma kama ninavyojikaza mimi. Akakaa wima. Kwa muda mfupi nilimwona mama wa zamani, mwenye shingo. Kisha midomo ikawa ya kijivu, akaniangukia begani. Nilikata kamba kwa mkasi. Akapumua.

Mutua aliingia wakati huohuo. Hakupaza sauti. "Umemfanya mama mwanasesere wako," alisema. Akamlaza, akamfunika, akaketi naye mpaka akapata usingizi. Mimi nilisimama jikoni.

Jumapili, 18 Januari
Sikuenda kanisani. Aibu. Mama ana alama nyekundu ubavuni. Nimezipaka mafuta.

Nimerudia picha zote za nguo hizo nilizokusanya miaka yote. Nimeona nilipokosea. Nilikuwa nikitazama mabibi tu, waliojikaza ili kiuno kiwe chembamba. Kulikuwa na wanawake wengine. Wa shamba, wafua nguo, wauza maziwa. Wao walivaa koseti fupi zisizobana kiuno, zenye mikanda ya mabegani, kamba mbele ili wajifunge wenyewe, na zikawashika mgongo walipobeba ndoo. Picha hizo nimekuwa nikizipita bila kusimama. Nguo zao ni rangi ya udongo. Nyuso zimechoka. Niliona wanafanana na mimi, nikapita haraka.

Jumatatu, 19 Januari
Niliomba ruhusa ya saa moja. Mwenye duka alikunja uso, akaikubali. Nikaenda hospitalini na mchoro wangu wa koseti fupi ya mama, kwa mtaalamu wa viungo aliyewahi kumwona mama. Nilitarajia kicheko. Hakucheka. Aliugeuza mchoro huku na huku. Akasema kiganja lazima kipite kati ya koseti na mwili wakati wote, tumbo liachwe huru, na baada ya saa mbili afunguliwe apumzike. Akasema pia haitaponya kitu. Najua.

Jumanne, 20 Januari
Nimekata turubai wakati wa chakula cha mchana, mezani pa duka. Mikanda ya plastiki miwili miwili, kumi na sita kwa jumla, ncha nimezilainisha kwa moto wa mshumaa.

Ngozi ya mama ni kama ganda la kitunguu. Turubai litamchuna. Inahitajika bitana laini, na kitambaa laini niko nacho kimoja tu. Nimeshusha gauni. Nimekata mkia wake wote, ule uliotuna nyuma, ulionichukua miezi mitano kuushona.

Iliuma. Sitasema haikuuma.

Alhamisi, 22 Januari
Nilimwambia mama hakuna atakayemlazimisha. Nikamwonyesha koseti mpya, nikamweleza kamba iko mbele kama za wauza maziwa wa zamani, mwenyewe ataifungua akitaka. Aliishika muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye kile kijani. Najua alikitambua.

"Nivalishe," alisema.

Alifunga kamba mwenyewe, pole pole. Kiganja changu kikapita chini. Akaketi mezani. Akanywa uji wote. Akaomba mwingine. Mutua alisimama mlangoni na saa yake mkononi, akihesabu dakika. Saa nzima ilipita na mama bado yuko wima, anamuuliza habari za ng'ombe wake.

Mutua alipoondoka aliniambia ataweka godoro kiti cha nyuma cha gari. Hakuniomba radhi. Sikuitaka.

Jumamosi, 24 Januari
Nimechoka hata kalamu ni nzito.

Masii kulikuwa na jua kali na watu wengi. Njiani mama alilala kwenye godoro bila koseti. Tulipofika nikamvalisha ndani ya gari, nguo nyeusi juu. Akatembea mpaka kwenye hema kwa fimbo, mimi upande huu, Mutua upande ule. Akaketi mstari wa mbele, pahali pa dada wa marehemu. Watu walimtazama. Binamu mmoja aliniuliza mama amepona lini. Nikamwambia hajapona.

Tulimtoa mara moja, baada ya saa mbili, akajinyoosha garini, akarudi. Alipoitwa kusema, alisimama. Alisema kwa Kikamba kwamba Syombua ndiye aliyembeba mgongoni kwenda mtoni kabla hajajua kutembea, na kwamba amekuja kumsindikiza kwa miguu yake. Maneno hayo tu. Akatupa udongo kwa mkono wake.

Hakulia hata mara moja. Hata jeneza liliposhuka.

Nyumbani nilimlaza, nikaanza kufungua. Tundu la kwanza, la pili. Kamba ilipotoka yote akavuta pumzi ndefu, ikageuka kilio. Alilia kama mtoto, akimwita dada yake kwa jina. Nilimshika. Mutua alitoka nje, akasimama karibu na gari.

Jumapili, 25 Januari
Mama amelala hadi saa nne. Mgongo unamuuma, amesema, lakini si zaidi ya juzi. Amekula viazi viwili.

Nimefua koseti kwa maji baridi na sabuni kidogo, nikaianika uani. Mama aliitazama kupitia dirisha. Akasema wiki ijayo angependa kwenda misa. Kisha akaniuliza wale wauza maziwa walikuwa wakifunga nini kichwani. Nikamwambia kitambaa, kama sisi. Akasinzia.

Upepo ni mdogo. Koseti inakauka pole pole, wazi mbele, mkanda wa bega la kushoto umeshuka kidogo kama bega la mama.