Chanjo Isiyotaka Barafu

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki ya wajawazito. Kupima matumbo, kupima presha, kuwagombeza wanaochelewa. Gaudensia wa Ngumbo, mimba ya nne, siku zake zimekaribia. Anasema mwaka jana, kabla ya mimba hii, alipanda Mbinga kumtolea dada yake damu, wakaikataa. Ina homa ya ini. Nimemfunua kope: macho meupe kabisa. Na mwanamke huyu anapanda mlima na mzigo wa muhogo kichwani!

Mganga Osmund, mkuu wangu hapa zahanati, kasema bila manjano hakuna ugonjwa. Nikaitikia. Kisha akaongeza kwamba mtoto asinyonye, kwa tahadhari. Hapo nikajua hata yeye hajui.

Jumanne, 5 Machi
Nimeuliza kwa redio ya misheni, vituo vyote vya ziwani vikisikiliza. Aibu. Lakini mficha uchi hazai, mwenyewe nawaambia wajawazito kila siku. Daktari wa hospitali ya milimani akajibu taratibu. Mama anaweza kuishi na ugonjwa huo miaka bila dalili, akampa mtoto wakati wa kuzaa. Mtoto achomwe chanjo mara akizaliwa, siku isipite, kisha arudiwe. Kunyonya, anyonye. Ova.

Nilibaki na kipaza sauti mkononi. Ugonjwa mzima umekaa kimya ndani ya mtu mwenye nguvu vile, na sindano ya mapema inaweza kuufungia mlango. Nimezalisha miaka yote hii bila kujua. Nimestaajabu mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 8 Machi
Chanjo hiyo haimo kwenye mgao wetu. Heri siku hizi watu binafsi wameruhusiwa kufungua maduka ya dawa. Padri kaipata Mbinga, katuletea. Mganga na mimi tumeiweka kwenye chumba cha barafu cha friji, pamoja na ya polio. Mahali pa heshima.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemtangazia daktari kwa majivuno. Akauliza tumeiweka wapi, nikamwambia kwenye barafu. Kisha: "Sista, hiyo haitaki barafu. Ikishaganda haifai tena. Ova."

Tumeitoa. Jiwe. Mganga hakula mchana. Mimi nimelia stoo.

Gaudensia kaanza kuumwa kiuno. Joakim, mumewe, kaondoka kwenda kutafuta nyingine. Mvua imekata barabara, gari la Padri halipiti. Palipo na lori atapanda, kwingine atembee.

Jumatano, 13 Machi
Gaudensia kazaa alfajiri. Msichana. Mtoto kalia, kanyonya hapohapo. Mimi macho njiani kutwa.

Jioni Joakim kaingia, matope mpaka magotini. Kichupa kimezungushiwa kitambaa kilicholowa na kufungwa kwa maganda ya mgomba. Kina ubaridi, hakijaganda. Nikamchoma mtoto pajani. Nilisoma kichupa mara tatu kwanza, mimi ninayechanja watoto wa ziwani kila wiki! Mungu wangu, dawa kidogo vile, haijai hata kijiko. Mganga alivua kofia.

Jumatatu, 15 Aprili
Sindano ya pili. Mtoto kanenepa. Kama tumeuwahi ugonjwa, hatutajua leo.

Gaudensia hakuja peke yake. Kaleta wakubwa wote watatu, wameogeshwa, wamevaa nguo za misa.

"Na hawa, sista? Walipita tumboni humuhumu."

Hapa hatuna kipimo. Nikamwambia tutawapandisha hospitali, wapimwe mmoja mmoja. Leokadia, yule wa kwanza, alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.