Wamenisomea Mume Mwingine Kwenye Matanga

Mama Adeline mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo tunamaliza matanga ya mume wangu Athanase (majina yote nimeyabadilisha) na mimi ndiye ninayetakiwa kusema maneno ya mwisho juu yake, na naogopa kusimama mbele ya ndugu zake.

Siku ya mazishi kaka yake mkubwa, Honoré, alisoma maisha ya marehemu, akasema alikuwa mpole, mkimya, hakuwahi kubishana na mtu, na mimi niliyeishi na mume aliyekuwa akileta vitenge vya kuuza kutoka Aru mpakani na kuwachosha watu wa forodha kwa maneno mpaka wanamfungulia njia wapumzike, nikatazama sanduku nikajiuliza tumekuja kumzika nani, na binti yetu Tina akanivuta nguo akauliza mbele ya watu, "Mama, huyu mutu wanasema ni papa ya nani?"

Tangu siku ile mtoto hamtaji tena baba yake. Basi nikaandika maneno yangu ya kweli, kwamba Athanase aliimba vibaya mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba awe anafungua mdomo tu, kwamba hata kwenye kitubio padiri alipompa Salamu Maria kumi alijibu, "Padiri, dix ni mingi, tufanye cinq," yaani tano, na kwamba nilipomzaa Tina kwa shida alilia mbele ya wauguzi bila haya, akawaambia wachukue vitenge vyake vyote, wamwachie mimi.

Nilimsomea wifi yangu Jeannine, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akafunga dirisha. "Weye, usisome hii," akaniambia. "Bwana iko mu kaburi, weye unachekesha watu? Watasema ni weye ulimukula na uchawi." Na si maneno matupu, Mama Adeline, mjane mmoja hapa mtaani Rwambuzi alitolewa nyumbani na ndugu wa mumewe, yeye pamoja na watoto wake, nguo zikatupwa barabarani, eti hakulia vya kutosha, na Honoré ameshaniuliza mara mbili karatasi za kiwanja ziko wapi. Mama mkwe anatoka Mahagi Ijumaa. Naogopa kusoma, na naogopa kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza Tina atabaki na yule baba aliyesomwa na Honoré. Nifanye nini?

Mama Tina, barua yako nimeisoma.

Pole sana, mama. Woga wako si ujinga, na atakayekuambia upige moyo konde usome tu, huyo hajawahi kuwa mjane katika mji huu.

Lakini umekosea mlango. Kwa nini umsomee Jeannine, ambaye neno lake halina uzito kwa kaka zake, ukamwacha mama yao? Athanase alikuwa mtoto wake kabla hajawa mume wako. Usingoje Ijumaa. Panda gari umfuate Mahagi, umsomee yote, hata pale sauti itakapokukatika. Atalia, kisha atakuambia mambo ya utoto wake ambayo huyajui. Mwombe Jumamosi aanze yeye kusimulia, wewe ufuate. Mama mzazi akishacheka mbele ya ukoo, nani atamnyooshea mjane kidole? Na akikataa, mama, usisome pale uwanjani. Nitakukasirikia ukisoma. Utamsomea Tina peke yake, mlango umefungwa, na hilo nalo ni matanga.

Padiri naye mwonye mapema juu ya lile la kitubio, asije akaangua kicheko akiwa na kanzu ya misa.

Cheti cha ndoa na karatasi za kiwanja zitoke nyumbani leo, ziende kwa mtu wa upande wenu. Mwambie shefu wa kartie yenu, mkuu wa mtaa, aje Jumamosi, akae mbele, Honoré amwone. Usimweleze Honoré lolote, na akiuliza tena karatasi, mjibu kwa heshima kwamba mnangoja uamuzi wa mama yake.

Mimi pia naogopa, sitakudanganya. Jumapili nitumie neno moja tu, kwamba umelala nyumbani kwako.