Kumchagulia Baba Ruth Mashine ya Kahawa

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Mwanao Odette anakupigia magoti akiwa mbali. Mkwe wako anakusalimu, na mjukuu wako Ruth, ambaye yuko Lubumbashi kwenye masomo, ameniambia nisisahau kumtaja. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado unapanda kwa miguu mpaka kwenye ile miti ya kahawa ya juu, au umekubali kuwaachia wengine? Na kikohozi cha asubuhi? Huko Marungu mvua zimeanza, au mnatazama mawingu tu?

Sisi tuko wazima. Tatizo letu ni vumbi, na hilo unalijua. Malori ya madini hayapumziki, na shuka nyeupe ninayoianika asubuhi naitoa kwenye kamba ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Cherehani yangu nayo inakohoa kuliko wewe.

Mfuko wa kahawa mbichi umefika salama. Sista aliyeubeba alisema kila aliyeketi karibu naye njiani alikuwa anauliza ameficha nini. Asante sana, mama. Lakini kabla sijakuambia habari za kahawa, kuna jambo linalonikaa moyoni, kwa sababu yaya, dada yangu mkubwa, ameniambia lilikuumiza.

Ulipopiga simu baada ya Pasaka nilimpa Baba Ruth akusalimu. Akasema, "Ndiyo mama, ndiyo mama," kisha akanirudishia simu wakati wewe ulikuwa bado unaongea. Yaya anasema ulilia, ukasema mkwe wako amekuchoka. Mama, hajakuchoka. Baba Ruth hasikii tena. Miaka yake yote chini ya ardhi ameshika mashine ya kutoboa mwamba, na ile kelele imemla masikio pole pole. Ilianza kama sauti ya nyenje ndani ya kichwa, halafu nyenje wenyewe wakanyamaza, na vingine vyote vikanyamaza pamoja nao. Daktari alimpima akasema hayatarudi. Kazi ikaishia hapo. Aliniomba nisiwaambie nyumbani mpaka azoee, nami nikamheshimu. Wiki hii yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Andika. Mama ajue."

Kwa hiyo usimpigie simu. Mwandikie. Anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji.

Nisikudanganye kwamba tulilipokea vizuri. Unakumbuka alivyokuwa anaimba sauti ya chini kwenye kwaya? Aliacha. Watu wakija kututembelea wanampigia kelele sikioni kama wanamwita mtu ng'ambo ya mto, naye anatabasamu, anaingia ndani. Wengine wakawa wananiuliza mimi habari zake hata akiwa ameketi mbele yao: "Tata anakunywa chai?" Mimi najibu, "Anakunywa." Siku moja nikashtuka kwamba nilikuwa nimemjibia mume wangu mchana mzima, na hakuna aliyengoja aseme neno.

Sasa kahawa. Zamani nilikuwa naikaanga kwa jiko la makala kama wewe. Lakini hapa tumepanga vyumba viwili katika lupango lenye familia nyingi, na moshi ukichanganyika na wa majirani inakuwa ugomvi. Makala yenyewe yanayotoka Mutshatsha siku hizi nusu yake ni unga. Basi nikahamia kwenye gesi. Tuna mtungi mmoja mdogo na jiko lake. Nikaweka sufuria, nikakoroga mpaka bega likauma. Mama, aibu! Nje nyeusi, na ukiipasua, ndani mbichi kama karanga iliyong'olewa juzi.

Baba Ruth akaninyang'anya mwiko. Unajua kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kukaanga, wakati ule alipokuja kwetu kuposa na ukamweka jikoni badala ya sebuleni. Ulimwambia asubiri punje zipasuke, kahawa ilie mara ya kwanza, aendelee kidogo, kisha aitoe. Akakoroga huku ameinamisha kichwa. Mimi nikaisikia ikilia: ta, ta-ta, ta. Yeye akaendelea kukoroga. Nikamgusa bega. Akautikisa mkono wangu utoke. Ikalia mara ya pili, moshi ukajaa, na alipotazama ilikuwa makaa tu. Aliibeba sufuria mpaka uani akaimwaga yote chini. Halafu akaketi juu ya ndoo, amenipa mgongo.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoamka. Unanijua, nikianza kuuliza siachi. Nikajiuliza: hivi hakuna chombo ambacho mtu anaweza kukaangia kahawa bila masikio? Nikamwandikia Ruth. Akanitumia picha kwenye simu, mashine ndogo za kukaangia kahawa nyumbani, za gesi. Sikujua zipo! Zina pipa dogo la chuma linalozunguka juu ya moto, ili kahawa isilale mahali pamoja. Nyingine zina kioo cha kuchungulia. Nyingine zina kijiko kirefu unachokichomoa na punje chache, unaziangalia, unazinusa, unazirudisha. Nilikaa na zile picha mpaka mteja wangu akaniuliza kama gauni lake limekufa.

Tukaenda mjini, kwa mfanyabiashara mmoja anayeuza vyombo vya hoteli. Alikuwa na moja, inang'aa kama kikombe cha altare: gesi chini, kioo mbele, na mota ya umeme ya kuzungusha pipa. Akatuwashia. Nikamuuliza:

"Tata, umeme ikikatika, na kahawa iko ndani?"

"Mama, unafunga gesi, unangojea."

"Na kahawa?"

"Nayo inangojea."

"Juu ya chuma ya moto vile?"

Akacheka, akapangusa kioo kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi. Mama, huku umeme unaondoka bila kuaga. Nikaiona kichwani kahawa yako imesimama ndani ya pipa lenye moto, inaungua upande mmoja.

Wakati huo Baba Ruth hakuwa anatazama kioo. Alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwa mashine, macho amefumba. Akakitoa, akasema kwa ile sauti yake kubwa ya sasa, "Iko natetemeka yote. Hii haisemi kitu."

Yule muuzaji akakasirika kidogo, akidhani tunaitukana mali yake. Nikamwomba radhi, tukatoka. Kwa kweli hata mimi sikuelewa. Nyumbani nikamwandikia kwenye ile slate, kibao kidogo cha chaki tunachotumia kuongea naye: *Ulikuwa unatafuta nini?*

Akasoma, akafikiri. "Kule chini," akasema, "hata zamani, mbele masikio haiyakufa, kelele ilikuwa mingi, hakuna mwenye alikuwa anasikia mwenzake. Mikono njo ilikuwa inaniambia jiwe imebadilika. Jiwe ngumu inapiga hivi, jiwe laini inapiga ingine. Nilitaka kujua kama kahawa nayo inapiga mu chuma. Lakini ile mota inafunika yote."

Mama, miaka yote ya ndoa sikuwahi kumuuliza mikono yake inajua nini.

Basi tukawa sasa tunatafuta kitu kingine kabisa: mashine ya gesi isiyo na mota, ya kuzungusha kwa mkono. Mwanamke anayeuza karanga sokoni akanielekeza kwa fundi wa kuchomea vyuma kule Musonoi, tata Kapenda, ambaye huwatengenezea wauza karanga mapipa ya kukaangia. Tukapanda pikipiki mpaka kwake. Karakana yake iko karibu sana na shimo la mgodi, na ardhi inatikisika wanapolipua. Baba Ruth alishtuka kabla yangu, maana yeye huupokea mlipuko kwa nyayo.

Fundi Kapenda alisikiliza maswali yangu kwa uvumilivu. Pipa liwe na matundu au lizibwe? Liwe mbali kiasi gani na moto? Mpini uwe wa mbao au wa chuma? Hakuwa amewahi kukaanga kahawa, kwa hiyo wote tulikuwa tunabahatisha, na nakuambia ilikuwa raha! Alitengeneza la kwanza lenye matundu, kama la karanga. Tukalijaribu palepale. Yale maganda mepesi ya kahawa yakaanza kupenya, yakadondokea kwenye moto wa gesi, yakawaka kama majani makavu, ndimi za moto zikaingia ndani. Fundi akarusha kofia yake juu ya mtungi, sijui alitaka kuusaidia nini. Nikafunga gesi. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuona.

La pili akaliziba pande zote, akaacha mdomo upande mmoja, na akatutengenezea kijiko kirefu cha kuchotea. Akaliinua juu zaidi ya moto. Mpini akataka kuuvisha mbao ili usichome mkono. Baba Ruth akakataa.

"Tata, utaungua," fundi akamwonyesha kwa ishara.

"Acha chuma. Refusha tu, isipate moto."

Akaurefusha.

Jumatano tukaweka kahawa yako. Nikawasha gesi, moto mdogo kwanza. Baba Ruth akazungusha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka kwenye mguu wa chuma unaoshika pipa. Mimi nilisimama upande. Harufu ikawa ya majani yaliyokatwa, halafu ya mkate, rangi ikawa ya udongo wa njano. Nikamwona uso wake umekunjamana. Nikaogopa. Nikasema moyoni, Bwana Yesu, asije akaibeba hii nayo mpaka uani.

Nikasikia, ta.

Sikusogea. Nikafunga mdomo kwa kiganja ili uso wangu usimwambie kitu.

Akasema, "Moja." Akatulia. "Mbili. Tatu. Odette, imeanza. Iko nalia!"

Mama, nililia mimi. Yeye alikuwa ananicheka, anazungusha, ananihesabia kwa sauti kubwa, na majirani wote wa lupango wametoka nje wakifikiri tunagombana. Alipotosheka akainamisha pipa, nikaipokea kwenye ungo wako, nikaipepeta mpaka ikapoa. Rangi moja, Mama, ndani na nje.

Lakini unanijua. Sikuamini upesi. Ijumaa nikamwambia akaange akiwa amegeuzia uso ukutani, akihesabu kwa sauti, mimi nyuma yake, kila nikisikia mlio nainua kidole, na mke wa mwenye lupango anaangalia kama tunapatana. Tukapatana. Mara nyingine yeye alitangulia. Ananiambia pia mpini unabadilika uzito: mwanzoni kahawa inaanguka ndani kama mchanga, baadaye inaanguka nyepesi, kama maganda ya karanga. Nimejaribu mwenyewe. Uzito nausikia kidogo. Mlio mkononi siusikii hata nikibana pumzi. Nimemuuliza ni kidole gani kinachopokea, anasema si kidole, ni mfupa wa kiganja. Najaribu tena kesho.

Sasa nikuulize wewe, kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kuniambia. Baba Ruth anasisitiza kwamba ndani ya mfuko wako kuna kahawa za aina mbili. Anasema nyingine zinalia mapema, kisha kunakuwa na utulivu, ndipo nyingine zinaanza. Mimi nasikia zote zimechanganyika tu. Je, ulichanganya za miti ya juu na za bondeni? Nimezimwaga mezani, nimezitazama kwa miwani ya kushonea, sioni tofauti. Kama umechanganya, safari ijayo tufungie mbalimbali, maana anataka kuzikaanga kila moja peke yake ajue ipi ni ipi.

Usidhani kila kitu kimetengemaa. Kwaya hajarudi, na zipo siku anaamka na huzuni yake. Lakini jana mwenzake mmoja wa kule chini alipita, akaniuliza mimi, "Tata anakunywa kahawa?" Nikamwonyesha kidole alipo Baba Ruth, nikaendelea kushona. Yule mtu ikabidi azunguke, aketi mbele yake, amwangalie usoni. Wameongea kwa mikono na kwa slate mpaka kahawa ikaisha, na nilimsikia mume wangu anabisha, kama zamani.

Nisalimie baba mdogo anayelinda shamba, na umwambie asichume kahawa za kijani kwa haraka zake. Msalimie yaya na mume wake. Msalimie shangazi muuza chumvi, na mke wa kaka ambaye nasikia anakaribia kujifungua. Kitenge cha mtoto nakishona. Msalimie katekista aliyenifundisha kuandika, aone nilivyoijaza karatasi.

Sista anarudi kesho kutwa. Atakuletea barua hii na pakiti ndogo, kahawa tuliyokaanga sisi. Isage siku utakayoinywa, si kabla.

Mimi mwanao ninayekuwaza kila asubuhi,
Odette

*Mama, ni mi mukwe wako. Odette amenipa nafasi hapa chini. Hii kahawa nimekalanga mwenyewe, hakuna mwenye alinisaidia. Kunywa, halafu uniandikie kama iko muzuri ao hapana. Andika kweli, Mama. Usinionee huruma.*