Kondo la Mdogo Wake Rahma

Maskati, Jumatatu, 2005

Sijui nimekubali nini. Daktari kasema nikijifungua watachukua damu itakayobaki kwenye kitovu cha mtoto. Hospitali za nchi nzima zaitafiti kwa pamoja, pengine siku moja watoto wenye sikoseli, kama Rahma wangu, wapate dawa.

Mama mkwe akaja juu: "Kondo la mjukuu wangu huzikwa uani, halichezewi!"

"Bibi, sie twataka damu tu," daktari akamwambia. "Kondo mtapewa mkalizike."

Hapo akaridhika. Nami nikapumua.

Garini Rahma, aliyezoea masindano, akanishika tumbo. "Mama, mdogo wangu wakimtoa damu, ataumia?"

Ya Rabbi! Tumegombania kondo, hilo hata sikuliuliza. Usingizi nao haunijii…