Mgeni wa Chini ya Meza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, miwani ikiwa puani na goti likiwa limetulia. Shemeji aliniambia kwamba daktari amekubadilishia dawa na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi sana. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, kazini naenda. Majirani hawajaniacha. Fundi viatu wa chini bado anapanda kila asubuhi kuuliza kama nimeamka, na nikichelewa kufungua hugonga kwa ile nyundo yake ndogo, tik tik, kama mlango nao umetoka soli.

Najua utaishangaa karatasi, maana umezoea nikupigie simu. Lakini kuna jambo ambalo kwenye simu limenishinda mara tatu. Wewe una tabia yako ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilidhani simu imekatika, nikawa nakata na kupiga upya, mpaka mwanao akacheka, akaniambia Mama yupo, anachagua maneno tu. Siku hizi najua kwamba upo, na bado ukimya ule unanitia hofu, nakimbilia kukueleza habari za mvua. Kwa hiyo nimeona niandike, na uniruhusu nifike polepole.

Ulipokuja kukaa nasi wiki ile, ulimuuliza mwanao anafanya kazi gani hasa. Akakujibu kwamba asubuhi anaandika programu za watu na mchana anaandika za kwake. Hukuridhika, nilikuona. Basi, za watu zilikuwa kama ile ya zahanati inayoita wagonjwa kwa namba. Walimwomba aweke kengele tu. Yeye akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa siku tatu, akiangalia watu wanavyoshtuka, kisha akatengeneza mlio unaoanzia chini, kama mtu anayekuita akiwa ameshakuona. Muuguzi wa pale aliniambia siku ya mazishi kwamba tangu mlio ule uwekwe, watoto hawalii tena namba zao zikifika.

Za kwake zilikuwa muziki, na hata mimi nilichukua miaka kuuita muziki. Onyesho la kwanza nililokwenda tulikuwa watu kumi na mmoja, na mmoja wetu alikuwa fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la choo akakaa mpaka mwisho. Mwanao alimsifu fundi yule mwaka mzima. Halafu kuna siku fundi viatu alipanda kwa upole kuuliza kama friji yetu inaumwa, maana ilikuwa inaguna tangu asubuhi. Mume wangu akamkalisha katikati ya spika zake nne. Baada ya robo saa fundi akasema hii si friji, hii ni kama kukumbuka kitu ambacho bado hujakisahau. Mume wangu akayaandika maneno hayo ukutani kwa penseli. Bado yapo.

Sasa nikukumbushe ile kompyuta ya chini ya meza, aliyokuwa akiiita Mgeni. Maikrofoni moja aliiweka dirishani na nyingine jikoni. Mgeni alisikiliza nyumba mchana na usiku, akachukua vipande vidogo vya sauti, akakaa navyo. Baada ya sekunde chache, au saa moja, au mwezi, au miaka miwili, alivirudisha kupitia spika, vikiwa vimevutwa na kulainishwa mpaka huvitambui mara moja. Funguo zilizoanguka zilirudi kama manyunyu. Kikohozi cha mwanao kilirudi kama mlango mzito unaofunguliwa mbali, na ndani yake kuna mwanga. Kuna nyakati za alasiri nilikuwa nakunja nguo, jua limelala sakafuni, nikasikia chumba kizima kinapumua na sijui tuko mwaka gani.

Miezi saba baada ya wewe kuondoka, Mgeni alirudisha ule msonyo wako wa wakati wa kuchambua mchele. Mwanao alikuwa mezani akiandika. Alisimama wima, akaitika, "Naam, Mama." Kisha akakaa, akacheka mpaka machozi. Hakuniruhusu nikupigie kukueleza. Alisema ungeuliza kwa nini anaitika na haji.

Kitu kimoja sikukielewa kwake. Kila alichoandika kwenye kompyuta alikiwekea nakala tatu, lakini yale aliyosikia Mgeni hakuyahifadhi popote. Yaliishi mle ndani kwa muda ambao umeme ulikuwa haujakatika. Chini ya meza palikuwa na betri ya kumshikilia Mgeni umeme ukipotea. Nilimuuliza kwa nini asihifadhi na hizo sauti. Akasema, "Mtu mwenye nakala hasikilizi kwa makini." Mgeni alikuwa na miaka mitano bila kuzimwa.

Mama, nimefika.

Asubuhi ya mazishi, wewe ukiwa umezuiwa na goti huko, nyumba ilijaa watu. Shemeji akaniomba shati jeupe la kumvalisha ndugu yake, lipigwe pasi. Jikoni wanawake walikuwa wanapika, sebuleni wanaume wamekaa hata mlangoni. Nikaingia chumbani kwake, nikafunga mlango. Tundu la umeme lilikuwa moja, nyuma ya meza. Nikachomoa waya, nikachomeka pasi. Nilianza na mikono, kama alivyopenda, kisha kola, kisha mgongo. Sikuwaza kitu kingine chochote duniani ila lile kunyanzi dogo karibu na kifungo cha tatu. Nilipomaliza na kuinua kichwa, chumba kilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kukisikia. Ile betri ilikuwa imeshakufa. Alikuwa ameniambia tangu mwezi uliotangulia kwamba ataibadilisha.

Nikarudisha waya. Taa ndogo ikawaka, Mgeni akaanza kazi yake kama siku ya kwanza, hana kitu. Kikohozi, kicheko, nyayo zake akitoka kuoga, msonyo wako, vyote vimekwenda, na ni mkono wangu. Waliokuwa sebuleni walidhani ukimya ule ni wa heshima. Mzee mmoja hata alinishukuru.

Wiki ile ile ulipiga simu, ukauliza kama mashine ya mwanao bado inafanya kazi. Nikasema inafanya. Ukanyamaza, kisha ukasema utakuja, ukae kwenye kiti chake mpaka umsikie anakohoa, kwa kuwa hukumzika. Nikasema karibu, Mama. Mara tatu nimesema karibu. Sasa nasikia tiketi imekatwa, na goti lile linasafirishwa siku mbili kwa ajili ya kikohozi ambacho nimekifuta. Nisamehe. Naomba msamaha wa kufuta, na zaidi naomba msamaha wa kunyamaza.

Nilimwita rafiki yake wa kazi, yule tunayemwita Miwani, aje aangalie kama kuna chochote kinachoweza kurudi. Alishinda chini ya meza, akatoka na vumbi kichwani, akatikisa kichwa. Ila programu yenyewe, yale mwanao aliyoyaandika, ipo yote. Akaifungua anionyeshe. Katikati ya ile mistari nisiyoielewa, mwanao alijiandikia maneno ya kawaida ili asisahau. Mahali pamoja paliandikwa: hapa usiguse, inafanya kazi na sijui kwa nini. Miwani akacheka, akafuta macho. Kisha tukafika mahali panapomwelekeza Mgeni akae kimya kwa muda gani baada ya kusikia sauti, kabla hajairudisha mara ya kwanza. Palikuwa na namba, sekunde nne na nusu, na pembeni yake maneno matatu: "Subiri kama Mama."

Ndipo nilipokumbuka. Kuna miezi mwanao alikuwa akikupigia simu Jumapili huku ameshika saa ya kupimia mbio. Nilimgombeza, nikamwambia mtu hapimi saa akiongea na mama yake. Alitabasamu tu. Alikuwa anapima ukimya wako, Mama.

Kwa hiyo ule ukimya sikuufuta, kwa sababu haukuwa sauti. Tangu siku ile nakaa mle ndani alasiri nikikoroga chai yangu, na Mgeni ananisikia, ananyamaza, na katika kunyamaza kwake nakusikia wewe jinsi mwanao alivyokusikia. Kisha kijiko changu kinarudi, kirefu na chembamba, kama kengele iliyo chini ya maji.

Sitakudanganya kwamba hiki kinatosha. Hutamsikia akikohoa. Ukiamua kurudisha tiketi, nitaelewa, na nitakuja mimi huko.

Msalimie sana shemeji na wanawe, na umwambie koti lake alilolisahau nimelifua. Mwambie jirani yako wa maua kwamba vile vipandikizi vimeshika, kimoja kimetoa jani. Fundi viatu anakusalimu, anasema ukija ulete vile viatu vyako vya kahawia, kisigino anakijua.

Jumapili nitapiga simu saa zile zile alizokuwa akipiga yeye. Nitauliza kama bado unakuja, kisha nitanyamaza. Chukua muda wako, Mama. Sitadhani imekatika.

Ni mimi mkazamwana wako,
yule uliyemwita Kijiko, siku nilipokoroga chai mpaka ukauliza kama sukari yetu ni ya mawe.